Nyuki Wasiokuwepo

Siku ile nilipojitupa chini katikati ya duka la Gangaben, nikafunika kisogo kwa mikono na kupiga kelele, "Nyuki! Laleni! Laleni chini!", watu walilala kweli. Mwalimu mmoja mwenye tai alijirusha nyuma ya magunia ya maharage. Mama aliyekuwa akichagua sufuria aliivaa ile sufuria kichwani. Dereva wa bodaboda aliyesimama mlangoni alitimua mbio, pikipiki akaiacha inanguruma. Tabora hakuna mtu anayebishana na mrina asali akisema nyuki.

Nilikuwa nawasikia wazi. Kundi kubwa, la kuhama, juu ya sikio langu la kushoto, mvumo ule unaoanza mbali kama lori linalopanda mlima, halafu ghafla uko ndani yake. Mikono ikafa ganzi. Kifua kikabana. Nikasema moyoni, leo nimekwisha.

Kisha nikasikia sauti ya Gangaben. Yeye hakulala. Alikuwa amesimama nyuma ya meza yake kama siku zote, miwani kwenye ncha ya pua.

"Baba Josepha," alisema, "hao nyuki wako wapi?"

Niliinua kichwa. Jua lilikuwa limeingia kwa mlango, na vumbi linaelea ndani ya ule mwanga, chembe chembe za dhahabu, taratibu, hazina haraka ya kufika chini. Hapakuwa na nyuki hata mmoja.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana jambo hili halikuanzia dukani.

Kijiji chetu kiko magharibi ya mji, kwenye njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita Tabora kwenda Ujiji. Siku hizi inapitiwa na ng'ombe na malori ya tumbaku. Babu wa baba yangu alikuwa mpagazi kwenye njia hiyo, alibeba mizigo ya watu wengine mpaka shingo yake ikanenepa kama ya fahali. Baba alikuwa mrina asali, na mimi ni mrina asali. Nina mizinga ishirini na sita ya magome, iko porini, mwendo wa siku mbili kwa baiskeli. Kamba zote za kuifungia alisokota mke wangu, Mektilda. Mimi nilichuna magome, yeye akasokota. Hakuna kamba yake iliyowahi kukatika.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa saba, nilikuwa huko kambini. Simu haishiki kule, hata ukipanda mti. Mektilda alishikwa na homa Jumatatu. Zahanati haikuwa na dawa. Gari la wagonjwa lilikuwepo, lina mafuta, lina dereva, ila siku hiyo lilikuwa limebeba viti na maturubai kwenda kwenye mkutano wa mkubwa mmoja aliyekuja kuzindua tangi la maji. Tangi lenyewe mpaka leo halijaonja maji. Basi Mektilda akafungwa kwa khanga nyuma ya pikipiki, akafia njiani. Alizikwa Jumatano. Mimi nilirudi Ijumaa na madumu ya asali nyuma ya baiskeli, naimba. Niliimba mpaka mlangoni kwangu.

Wakubwa walituma mfuko wa unga na mtu wa kutoa salamu. Salamu zenyewe alizisoma kwenye karatasi, na jina la marehemu akalikosea.

Tangu hapo sikwenda porini tena. Watu waliuliza, nikasema miguu. Baadaye nikasema mgongo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikifika pale simu inapoanza kupoteza alama zake, kwenye kile kichuguu cha njia panda, moyo ulianza kupiga kama mtu aliyefungiwa ndani anagonga mlango. Nageuka. Nikifika nyumbani nampigia binti yangu Josepha, ameolewa Igunga.

"Baba, si tumeongea saa moja iliyopita? Mimi mzima."

"Saa moja iliyopita ni zamani. Mbona unahema?"

"Napepeta mchele, baba!"

"Na mume wako?"

"Yupo, anakula. Unataka nimpe simu atafune ukimsikia?"

Nilimpigia mara kumi kwa siku, mara kumi na tano. Asipopokea, naona vitu. Naona pikipiki, naona khanga. Siku nyingine mume wake akapokea yeye, akaniambia kwa heshima, "Baba mkwe, Josepha sasa akisikia simu inalia anashtuka yeye. Tunakuomba." Nikamjibu vibaya. Nilimwambia yeye na wakubwa wake wote lao moja.

Na usingizi ukanihama. Mtu asiyelala huanza kuota akiwa macho, mchana kweupe. Ilikuwa nikikaa kizingitini adhuhuri, jua limesimama wima, naona upande wa mashariki vumbi linanyanyuka, na ndani ya vumbi watu. Wapagazi. Wanakuja mmoja nyuma ya mwingine, vichwani mizigo, kengele ndogo kifundoni mwa wa mbele inalia kwa mbali. Hawana nyuso za kuzishika. Wanapita mbele ya nyumba yangu, saa nzima wanapita, hawaishi. Na mara zote katikati yao yuko mwanamke mmoja na furushi la magome kichwani, na mwendo ule naujua. Hageuki. Naita, hageuki. Nikisimama, njia tupu, mbuzi wawili tu na mfuko wa plastiki unaopeperuka.

Kila wiki nilikwenda ofisi ya mtendaji wa kijiji kudai maelezo ya lile gari. Watendaji watatu wamebadilishwa, mimi bado nakwenda. Wa tatu alikuwa akiniona anatokea mlango wa nyuma. Nikajiambia basi, huu moyo unaogonga ni hasira tu. Mwanamume aliyedhulumiwa atalalaje? Hilo nililiamini kabisa.

Mwezi wa nne mwishoni alikuja Hilari, kaka yake Mektilda, naye mrina. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Shemeji, msimu huu ni wa tatu."

"Najua kuhesabu."

"Basi kama unajua, hesabu na hili. Chama cha warina kimekaa. Wanasema hawawezi kukuonea haya tena."

Kwetu kila mrina ana alama yake, anaichonga kwenye mzinga na kwenye shina la mti. Ya kwangu ni mistari miwili na duara. Alama hiyo ikiwepo, hata mwizi anajifikiria. Lakini mti ambao mwenyewe hajaupanda misimu mitatu mfululizo, alama inafutwa kwa shoka, na mzinga unakuwa wa atakayeupanda. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za baba, na ni haki, maana pori haliwezi kuwekewa akiba na watu waliolala.

"Mwambie mwenyekiti wenu, mimi nina madai serikalini. Yakiisha nitakuja."

Hilari aliniangalia muda. Ana macho ya dada yake, Mungu anisamehe, siwezi kuyatazama.

"Gerson," akasema, na si kawaida yake kuniita jina, "zile kamba ni za Mektilda. Wakifuta alama, watazikata. Wao hawatumii kamba ya mtu. Ukiona ni sawa, niambie ni sawa, nami nitanyamaza."

Sikuweza kusema ni sawa. Nikasema nitakwenda. Kesho yake nilipakia baiskeli, nikafika kwenye kichuguu, nikageuka. Nikajaribu tena wiki iliyofuata, nikageuka. Ndipo nikawaza, nitakwenda mjini, nimuuzie Gangaben nta ile ya mwisho iliyobaki, ninunue simu yenye nguvu kuliko hii, labda ile itashika porini. Hiyo ndiyo iliyokuwa akili yangu wakati huo.

Na nikiwa dukani, nimeshika simu mpya mkononi, nikaikuta haina alama hata moja. Haikuwa na laini ndani, kwa nini iwe nazo? Lakini mwili haukungoja kuelezwa. Hapo ndipo nyuki walipokuja.

Watu waliinuka wakijipangusa. Mwalimu mwenye tai alinitazama kwa hasira, halafu akaona uso wangu, akaacha. Gangaben alisubiri watoke.

"Umenimwagia maharage."

"Nitaokota, mama. Nisamehe."

"Utaokota kweli, mimi sina mgongo wa kuinama. Lakini kwanza kaa hapo." Alinimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. "Tangu lini unawasikia?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto, baba Josepha. Hao nyuki."

"Ni presha. Ni hasira. Wewe ukiuliwa mtu wako na watu wanaotembelea magari..."

"Mimi mume wangu alikufa kitandani pake, amekula, ameoga, ameniambia nizime redio. Hakuna aliyemuua. Na ugonjwa huu nikaumwa vilevile." Alishika miwani yake, akaifuta kwa ncha ya sari. "Nilikuwa nafunga kufuli la duka, nafika pale kona kwa fundi cherehani, narudi kulishika. Nafika kona, narudi. Siku moja nilirudi mara kumi na tisa. Fundi akadhani namtaka."

Nilicheka. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilicheka lini, hata kifua kiliuma.

"Ukaenda kwa mganga?"

"Nikaenda Kitete, hospitali. Kuna binti pale anaitwa Anifa, kazi yake ni hiyo. Unakaa, mnaongea, anakupa mazoezi."

"Mimi si kichaa."

"Na mimi? Ningekuwa kichaa ungekuwa umeshanipunja kwenye mizani miaka yote hii. Okota maharage, twende."

Aliniacha nikaokota yote. Kisha akafunga duka, akalishika kufuli mara moja, akaniangalia kuona kama nimeona, tukaondoka.

Kwanza daktari alinipima. Presha, sukari, akanibandika nyaya kifuani, mashine ikachora milima yake. Akasema moyo wako mzima kabisa, mzee. Nilikasirika. Nilitaka uwe mgonjwa, niwe na karatasi ya kuwaonyesha.

Chumba cha Anifa kilikuwa na viti viwili vya plastiki na dirisha linalotazama uwanja ambako mashuka yalikuwa yameanikwa, meupe, yanajaa upepo na kulegea, yanajaa na kulegea. Niliyatazama hayo kuliko nilivyomtazama yeye.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe unalipwa na nani?"

"Na serikali. Wakikumbuka."

Sikutegemea jibu hilo. Akaniuliza maswali yake. Katika wiki mbili hizi, siku ngapi nimelala vizuri? Siku ngapi nimeshindwa kuacha kuwaza? Nahisi nini mwilini inapokuja? Nilijibu hovyo hovyo, hii ndiyo, hii hapana, ila habari ya mama Josepha na lile gari nilimwambia yote. Halafu akauliza, "Kuna kitu ulikuwa unakifanya, unakipenda, na sasa hukifanyi kwa sababu ya hii hali?"

Mashuka yakajaa upepo.

"Mizinga ishirini na sita," nikasema.

Akaandika. "Baba, wasiwasi kila mtu anao. Mwenye mgonjwa ndani asiyekuwa na wasiwasi, huyo ndiye wa kumshangaa. Lakini wako umekaa mwaka wa tatu. Umekunyima usingizi, umekutoa kazini, umemchosha binti yako. Ukifika hapo si tabia tena, wala si unyonge wako. Ni ugonjwa, na una matibabu. Wengine tunawapa na dawa. Kwako tutaanza na mazungumzo na mazoezi, tuone."

"Kwa hiyo mnaua, halafu mnatibu."

"Mimi sikumuua mama Josepha."

"Wenzako."

"Inawezekana. Lile gari sina uwezo wa kulitetea, na sitalitetea. Lakini hao wenzangu hawamo humu chumbani, baba. Umo wewe."

Nilisimama kuondoka. Nikafika mlangoni. Gangaben alikuwa kwenye benchi nje, amelala mdomo wazi, mkoba kifuani. Nikarudi nikakaa.

Nilikwenda kila Jumanne, wiki baada ya wiki. Kupumua ndiko alikoanza nako: vuta kidogo, toa taratibu, toa kwa kirefu kuliko ulivyovuta. Aliponionyesha, nikamwambia, "Binti, hivyo ndivyo tunavyopuliza moshi kwenye mzinga. Ukipuliza kwa pupa nyuki wanakasirika." Akafurahi, akasema basi wewe umeshajua, puliza moshi ndani yako. Nilimwona mjinga. Lakini nikiwa njiani narudi nikajaribu, na mikono ikaacha kufa ganzi.

Akanipa saa ya wasiwasi. Kila siku saa kumi jioni nikae kwenye kiti niwaze yote mabaya ninayotaka, nusu saa, na yakija saa nyingine niyaambie yasubiri zamu. Majirani wakazoea. "Mzee Gerson yuko kazini," walisema wakinipita. Siku ya tisa au ya kumi nilikaa pale nikaishiwa. Nikajikuta nawaza bei ya tumbaku, na mimi silimi tumbaku.

Na simu. Kwanza niiache ndani niende kisimani. Halafu niiache mpaka ugali uive. Na Josepha tulipatana: atanipigia yeye, mara moja, jioni. Siku ya kwanza alipiga saa kumi na mbili kasoro, nikapokea, tukakaa kimya sote wawili kwa kuwa hatukuwa na la kuulizana. Kisha akasema, "Baba, mchele mwaka huu umekubali." Tukaongea mchele. Ilikuwa muda mrefu sijaongea mchele na mwanangu.

Si kwamba nafuu ilikuwa inapanda tu. Wiki ya tano nilimpigia mara kumi na mbili kwa siku moja, nikamwona Anifa kwa aibu. Hakunigombeza. Aliniuliza swali ambalo hakuna mtu aliwahi kuniuliza.

"Baba, siku ile ungekuwepo nyumbani, ungefanya nini?"

"Ningemwokoa."

"Vipi? Nipeleke hatua kwa hatua. Ni Jumatatu asubuhi, ana homa. Unafanya nini?"

"Nampeleka zahanati."

"Wanasemaje?"

"Hakuna dawa. Nauliza gari. Gari limebeba viti. Nakwenda kwa mwenye pikipiki."

"Yupi?"

"Huyohuyo aliyembeba. Kijijini iko moja tu."

"Halafu?"

Nilimfunga Mektilda kwa khanga nyuma ya pikipiki, pale pale kwenye kiti cha plastiki. Nilimpandisha mimi mwenyewe. Nikakaa nyuma yake, nikamshika kiuno, nikasikia joto lake. Tukapita shamba la mkonge lililokufa. Na pale pale alipofia akafa tena, mikononi mwangu safari hii. Nililia mbele ya mtoto wa watu mpaka kamasi.

Alipoona nimetulia akanisogezea maji.

"Kumbe ni wao kweli," nikasema. "Si mimi."

"Ulidhani ni wewe?"

Miaka mitatu nimekwenda kwa mtendaji kupiga kelele ni nyinyi, ni nyinyi. Nikatazama dirishani. Mashuka hayakuwepo siku hiyo, kamba tupu.

"Na hasira yangu?" nikauliza baadaye. "Hiyo nayo unataka niiache hapa?"

"Hiyo ni yako. Ukitaka kuandika barua tena ya lile gari, andika, na mimi nitakusaidia kuipanga. Ila uandike ukiwa umelala usingizi."

Zoezi la mwisho kabla ya pori lilikuwa kutembea njia ya zamani mpaka kijiji cha pili na kurudi, bila simu. Nilitoka saa nne. Nyasi zilikuwa zimekuwa njano, miti ya mitundu imeanza kupukutisha majani, na ile baridi ya mwezi wa saba imekaa kivulini kama maji. Nilipita kichuguu. Hatua mia mbele yake ikaja. Kifua, mikono, masikio, yote. Anifa alisema ikija usiikimbie na usipigane nayo, kaa, iache ifike juu, itashuka yenyewe. Nikakaa kando ya njia, miguu nimeinyoosha, nikapuliza moshi wangu.

Vumbi likanyanyuka mashariki. Nikajua nani wanakuja. Walikuja polepole kuliko siku zote, kengele ikilia kifundoni mwa wa mbele, na jua likipita katikati yao kama wao ni kitambaa chepesi. Walinipita karibu, nikasikia harufu ya jasho na ya magome mabichi. Mizigo ilikuwa imezungushiwa kamba, na kamba zilisokotwa vizuri. Kisha akaja yeye. Moyo ulikuwa umefika juu kabisa. Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia habari za gari, na viti, na kwamba nilirudi naimba kwa kuwa sikujua.

Mektilda alisimama mbele ya miguu yangu. Akanitazama kutoka chini ya furushi lake, kama alivyokuwa akinitazama nikikaa jikoni anapopika.

"Sogea," akasema. "Unaziba njia."

Nikakunja miguu. Akapita.

Nilipofumbua macho lilikuwa kundi la ng'ombe, wengi, wekundu, na mchungaji wao mtu mzima ananiuliza, "Mzee, unaumwa?" Nikasema naumwa, lakini inashuka. Na ilikuwa inashuka kweli. Nikainuka nikaenda kijiji cha pili, nikanywa maji kwa watu, nikarudi.

Tuliingia porini mimi na Hilari mwisho wa mwezi huohuo. Kwenye baiskeli sikuweka simu. Nilimwachia jirani, nikamwambia Josepha nitakuwa kimya, akasema, "Haya baba," halafu akasema, "Uniletee masega." Hakulia mpaka alipodhani nimekata.

Warina walikuwa wamekwisha fika kambini. Hakuna aliyenipa pole. Mmoja alisema tu, "Huyu si ndiye aliyewalaza watu dukani?" na wote wakaangua kicheko, mpaka kahawa ikamwagika motoni. Nikacheka nao. Walikuwa na shoka tayari.

Mzinga wa kwanza nyegere alikuwa ameupasua. Wa pili mchwa. Wa tatu ulikuwa juu ya mninga mrefu, na kamba imekaa vilevile, imebadilika rangi tu, ya majivu. Nikasubiri jua lipungue. Nikafunga mgongoni kichinga kinachofuka moshi, nikapanda.

Nikiwa nusu ya shina ikanikamata. Juu mvumo ni wa nyuki, na masikioni mvumo ni wa kwangu, na sikujua upi ni upi. Chini Hilari ananitazama, amejifunza kuningoja. Nilikumbatia mti. Gome lilikuwa bado na joto la mchana, nikaweka shavu. Pori lote likawa linaelea, kijivu na dhahabu, mpaka mwisho wa macho, hakuna bati, hakuna mnara. Nikasema, Josepha anaweza kuwa anaumwa sasa hivi nisijue. Nikalisema kwa sauti. Nikalisema tena. Halafu nikasema, na anaweza kuwa anakula wali. Nikatoa pumzi. Sijui nilikaa hapo kiasi gani. Mwili ulipochoka kupiga kelele, nikapanda sehemu iliyobaki, nikapuliza moshi, nikatia mkono.

Ulikuwa umejaa. Masega ya misimu mitatu, mengine yameiva mpaka meusi. Nilimshushia Hilari ndoo, akaonja, akafumba macho, akasema, "Shemeji, ulikuwa unawalea bure hawa."

"Kama serikali," nikasema. "Ila hawa wanatoa kitu."

Mizinga kumi na minne niliikuta mizima. Mingine imekufa, na lawama ya hiyo naibeba mwenyewe, hakuna mtendaji wa kumwandikia. Katika kila mti nilichonga upya mistari yangu miwili na duara, na lile shoka la chama likaishia kupasulia kuni. Kwenye miti mitatu hofu ilinirudia, kwenye mingine haikuja, na kwenye mmoja ilikuja nikiwa nashuka, nikaikasirikia tu kama unavyomkasirikia mgeni anayebisha hodi mkifunga mlango.

Asubuhi moja tulikuwa tunakamua masega, mikono inanata mpaka viwiko, moshi umelala chini kwa baridi. Hilari alikuwa anapanga lini turudi.

"Hivi leo siku gani, shemeji?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sijui. Nilisimama na sega mkononi, najaribu kuhesabu, Jumanne, Jumatano, nashindwa. Asali ilinitiririka kwenye mkono, ikapita kiwiko, ikaanza kudondoka.

"Sijui," nikamwambia. "Muulize mwingine."